Maoni ya Marehemu

Kazi yangu ya kwanza mjini ilikuwa kusikiliza kanda. Nchi ilikuwa ikiandika katiba mpya, na maoni ya wananchi yaliyorekodiwa mikutanoni yaliletwa kwenye ofisi yetu katikati ya Nairobi. Mimi niliyachapa neno kwa neno.

Asubuhi moja ya baridi alikuja mama mmoja kutoka Uthiru. Mumewe alikuwa amefariki, na mashemeji walikuwa wamemwambia ahame shambani. Alikumbuka kwamba marehemu aliwahi kuzungumza kuhusu ardhi mbele ya wajumbe wa katiba, katika ukumbi wa kanisa lao. Yeye hakumsikia, alikuwa nyuma jikoni.

"Alikuwa mtu wa haki," aliniambia. "Ndugu zake wakimsikia watanyamaza. Na hata wasiponyamaza, mwanangu, mimi nitakuwa nimemsikia tena."

Kanda niliipata, lakini ruhusa ilikuwa ya mkubwa wetu, bwana wa suti nzuri aliyeishi Muthangari, mtaa wa matajiri. Alisikiliza kwanza peke yake, hedifoni masikioni. Akacheka. Kisha akachomoa waya ili sauti itoke kwenye spika, akaita ofisi nzima.

"Kujeni! Mama anataka kusikia bwana yake."

Sauti ya marehemu ilikuwa ya upole. Aliwasalimu wageni, akamshukuru Mungu, ndipo akasema: "Naomba katiba isituvunjie boma. Bwana akifa, shamba irudi kwa ndugu zake. Mke ni mgeni. Hata wangu yuko huko nyuma anawapikia chai, na hiyo ya kuwa mgeni anaijua."

Kwenye kanda, ukumbi ukapiga makofi. Wenzangu wawili wakaangua kicheko, kisha wakamwona mama yule usoni, wakainama.

"Si ulitaka ushahidi?" mkubwa alimuuliza. "Nikutolee kopi upelekee chifu?" Akarudisha kanda nyuma, akaicheza tena. Mke ni mgeni.

Mama alikuwa ameshika ukingo wa meza yangu. "Hakuwahi kuniambia," alisema. Kisha akanigeukia. "Niwekee pale mwanzo. Pale anaposalimia tu."

Mkubwa aliitoa kanda. "Hii ni kumbukumbu ya taifa, mama, si redio."

Mama alipotoka, niliyachapa maneno ya marehemu kama yalivyo, pamoja na makofi kwenye mabano, kwa maana ndivyo tulivyoagizwa.

Baada ya rasimu ya katiba kukataliwa kwenye kura, nilipita Uthiru. Mashemeji walikuwa wamejenga nyumba za kupangisha shambani mle. Jirani alinielekeza Dagoretti, nami nikamkuta mama huyo nyuma ya kichinjio, akiosha matumbo kwenye karai. Alinitambua.

"Yule mkubwa wenu bado yuko?"

"Alipandishwa cheo, mama."

"Sawa," alisema, akamwaga maji machafu, akaomba nisogee kidogo, nimemzibia njia.