Kindi Mwenye Mkasi

Mwaka ule maua yangu ya rangi ya chungwa yaligoma kufa. Oktoba ilikuwa katikati, miti ya mtaa wetu hapa Hayes, ughaibuni, imepukutika, lakini tuta langu nyuma ya nyumba lilikuwa linawaka kama jiko. Ni yale maua mazito ambayo kwetu Tanga Wahindi huyatunga mashada. Nikirudi kutoka kazini, ninakolea wazee, nilikunywa chai mlangoni, koti sijavua, nikiyatazama tu.

Kisha yakaanza kupungua. Leo matano, kesho manne, siku zote upande wa uzio wa jirani. Nikamlaumu kindi. Binti yangu, ambaye huelewa Kiswahili changu lakini hunijibu kwa Kiingereza, aliinama akakagua vikonyo, akaniambia kindi huyu anakata mshazari, kwa mkasi.

Jirani alikuwa bibi wa Kihindi, mjane, mzaliwa wa Kisumu, umri wake themanini kasoro kidogo. Kila asubuhi dirisha lake lilitoa harufu ya udi wa sala. Hapo nikaunganisha mambo. Kumshtaki mtu mzima kama yule, tena kwa maua ya ibada, sikuweza. Kunyamaza nako kulinishinda.

Jumamosi nilimkuta anaanika nguo. Nikamlalamikia kuhusu kindi, nikamwambia kwa uso mkavu kwamba sasa nimemkomesha: maua yote nimeyanyunyizia pilipili kichaa. Kwa kweli nilikuwa nimeyamwagia maji ya bomba.

Alitikisa kichwa kwa huruma, akasema wanyama wa nchi hii hawana adabu, akaingia ndani. Haukupita muda akarudi, akaegemea uzio.

"Mwanangu," aliuliza, "huyo kindi akiyaosha kwanza, pilipili itatoka?"

"Inategemea, bibi. Anayapeleka wapi?"

"Kwa Mungu," akasema.

Nilicheka hadi nikashika uzio, nikakiri kuwa pilipili haikuwapo. Yeye hakuona haya hata kidogo. Alinieleza kwamba kila asubuhi alinitaja katika dua zake, kwa hiyo sikupoteza kitu, kisha akanikaripia kwa kumdanganya mzee. Tukakubaliana achume atakavyo, ila aniachie yale yanayoonekana kutoka mlangoni. Nami nikaomba machache ya kwake, meupe, makubwa kama visahani. Akakataa. Yale, alisema, ni ya kutazama.

Jumanne alipopanda basi kwenda hekaluni Southall, nilipitisha mkono juu ya uzio nikakata matatu. Nikayatia kwenye jagi mezani, nikasahau kwamba nilikuwa nimemkaribisha chai jioni ile.

Alikaa, akayatazama, akayanusa. Akayasifu sana. Akaniuliza ni nani aliyeninunulia maua mazuri namna ile.

"Mume wangu," nikasema.

Mume wangu, ambaye hajawahi kuninunulia hata jani, aliinua macho kutoka kwenye simu. Bibi akampa mkono, akampongeza kwa kujua kumtunza mke. Naye akainamisha kichwa kwa unyenyekevu, akapokea sifa zote.