Sarafu ya Babu na Ulimi wa Broka

Broka aliilamba. Labda nisingemchukia kiasi kile kama angeanza na jambo lingine, lakini alianza na ulimi. Aliishika sarafu kwa vidole vilivyokuwa bado na mafuta ya nyama, akatoa ulimi mpana wenye utando mweupe, akaupitisha juu yake polepole kama ng'ombe anavyolamba chumvi. Kisha akafumba macho.

"Fedha kidogo," akasema. "Zaidi ni shaba."

Tulikuwa Mulot kwa huyo dalali wa pesa za kale, katika chumba cha nyuma cha duka la chakula cha mifugo, na sarafu ile ilikuwa ya mama yangu. Aliyeipeleka pale ni mjomba, kaka yake mama kwa baba, wa nyumba ya mke wa pili wa babu. Alikuwa ameiomba kwa mama akisema anataka tu kuwaonyesha wazee wa kanisa. Mimi nilimfuata baada ya kuambiwa na jirani kwamba mjomba ameonekana akipanda gari la kuelekea Narok, na huko hakuna wazee wa kanisa letu.

Nilikuwa nimerudi nyumbani Kimulot kwa sababu ya kaburi. Mimi si mtu wa kukaa. Nimefanya kazi Lodwar, Mombasa, Arusha, tena Lodwar, na kila nikifika mahali naanza kukumbuka harufu ya majani ya chai yaliyomwagwa chini kwenye kituo cha kununulia, yakianza kupata joto. Nikirudi, wiki haiishi kabla sijaanza kuitazama barabara. Lakini safari hii mama alipiga simu mwenyewe. Kaburi la babu, ambalo tangu nikiwa sekondari lilikuwa tuta la udongo na mawe, lilikuwa linajengewa simiti, na kulikuwa na ugomvi juu ya maneno ya kuandikwa.

Mama alitaka iandikwe kwamba babake alikuwa askari na alifika Misri. Babu mwenyewe alisema hivyo maisha yake yote: kwamba wakati wa vita vikubwa alipelekwa huko, akabeba mizigo ya jeshi kwenye mchanga, na siku moja akaokota sarafu hiyo katika shamba lililokuwa limelimwa karibu na mji wa Aleksandria. Alimpa mama alipokuwa msichana. Mjomba alisema hayo ni maneno ya mlevi. Kwa hadithi yake, babu hakupita kambi ya Gilgil, hapa hapa Kenya. Alikuwa akiosha sufuria za maofisa, na sarafu aliinunua kwa Mhindi mmoja wa Kericho ili apate kitu cha kujivunia kwenye pombe. Makaratasi ya jeshi hatukuwa nayo. Wanaume wa rika lake wote walikuwa wameshazikwa. Mjomba alitaka jina na miaka tu, basi, na akasema atakayeandika uongo juu ya mfupa wa babake atamjibu yeye.

Kwa hiyo nilijiambia kwamba sarafu ndiyo shahidi pekee aliyebaki. Na sasa shahidi huyo alikuwa na mate ya broka usoni.

Baada ya kuilamba aliifuta kwenye shati, pale kifuani palipokuwa na doa la jasho, akaiweka juu ya sahani ya mchele. Watu wengi huku wanaamini kwamba kuna pesa za kikale zinazovuta mchele, na kwamba mahali fulani kuna matajiri wanaozitafuta usiku na mchana. Nimeisikia habari hiyo kila mji niliokaa. Sijawahi kukutana na aliyeuona mchele ukitembea. Tuliinama wote juu ya sahani ile, mjomba akipumua kwa mdomo, na mchele ukalala kama mchele.

"Imelala," akasema broka. "Lazima iamshwe."

Aliiinua kwa vidole, akawasha kiberiti chini yake. Ikatoa harufu ya mafuta yaliyoungua, yake mwenyewe, ya vidole vyake. Kisha akachukua tupa ya kunolea majembe.

Kwetu mtu hagombani na mjomba wake. Laana ya mjomba ndiyo inayoogopwa kuliko zote, na hata mimi niliyezurura hadi nikasahau mengi, hiyo sijaisahau. Nilitazama tupa ikipita mara moja, mara mbili, kwenye ukingo na kuingia ndani kidogo, na unga wa rangi ya njano ukianguka mezani. Ndipo nikanyoosha mkono nikaichukua. Nilimwambia broka tu kwamba mwenye mali hajamtuma mtu.

"Peleka," akasema, akipuliza ule unga kutoka mezani. "Hiyo ni maiti. Mzee, umenipotezea mchele."

Mjomba alicheka naye. Aliendelea kucheka mpaka tuko barabarani, akanipiga begani akasema mtu aliyesoma kama mimi hapaswi kuogopa tupa.

Nyumbani niliilaza kwenye kikombe cha maji safi, sikuisugua. Niliosha mikono kwa sabuni, nikanusa, nikaosha tena. Nilipokuwa Mombasa nilifanya kazi kwenye nyumba ya wageni, na mgeni mmoja mzee, mpenzi wa sarafu, aliniachia namba yake. Nilimwandikia. Alijibu kwamba nisimtumie picha ya mbele tu. Alitaka pande zote mbili, upana, uzito, na kama upande wa pili unasimama wima ninapoigeuza kama ukurasa wa kitabu.

Upana nilipima kwa rula. Uzito ulinipa shida, kwa sababu mizani ya chai haijui kitu kidogo kuliko kilo. Nilikwenda kwa mwenye duka la dawa za mifugo, anayepima unga wa dawa ya minyoo kwa mizani ndogo.

"Ng'ombe wako ameanza kula pesa?" akaniuliza.

Lakini aliipima vizuri, juu ya karatasi safi, na kwa hilo nilimshukuru kuliko alivyoelewa.

Picha zilikuwa mbaya mwanzoni. Nikiitazama moja kwa moja niliona kipande cha kitu chenye rangi ya kahawia nyeusi, kinene kama kifungo cha koti. Mzee yule akaniambia niilaze na kuacha mwanga uje kutoka ubavuni. Asubuhi, jua lilipotokea juu ya msitu wa Mau na ukungu ukiwa bado kwenye michai, niliiweka dirishani kwa mama. Kivuli kikaanza kufanya kazi. Sikio lilitokea. Shingo. Nyuma ya kichwa, ncha za utepe zilizofungwa. Kandokando kulikuwa na mabaki ya herufi, moja kama A, nyingine kama Y.

Upande wa pili mama aliona kuku. Mzee akasema ni tai, na akauliza kama kando ya miguu yake kuna alama kama herufi L. Niligeuza simu huku na huku. Ilikuwepo.

Alieleza kwamba huo ndio mwandiko wa Aleksandria. Warumi walipoitawala Misri waliacha mji huo ugonge pesa zake kwa herufi za Kigiriki, na alama ile ilimaanisha mwaka wa utawala wa mfalme. Baada yake hufuata herufi ya kuhesabu mwaka. Kwa unene na uzito wake, alisema, ni ya miaka kama elfu moja na mia saba iliyopita. Akaniomba nimsomee herufi ya mwaka.

Herufi ya mwaka ilikuwa imeliwa na tupa. Pale pale. Na upande wa uso, kwenye ukingo ule ule palipokuwa na mwisho wa jina la mfalme, palikuwa na mkwaruzo unaong'aa kama jino la dhahabu. Watu walikuwa wameitumia sarafu ile mpaka ikachakaa, ikalala ardhini, ikavuka bahari, na bado ilikuwa imeshikilia hizo herufi chache mpaka ilipofika Mulot. Nilitapika kidogo nyuma ya nyumba. Nilimwambia mama ni maziwa.

Mzee aliongeza jambo moja. Pesa hizo zilitumika ndani ya Misri, hazikuwa zikizunguka nje. Lakini akanionya kiungwana kwamba sarafu inaweza kusema ilikogongwa tu. Haiwezi kusema ilikaa mfukoni mwa nani.

Siku ya kumaliza kaburi tulikaa pale nje, nyumba zote mbili, fundi akiwa na simiti mbichi na msumari wake. Nilieleza yote, pamoja na lile onyo, kwa sababu sikutaka kushinda kwa hila. Nilitegemea mjomba arudi kwa Mhindi wa Kericho. Angeweza; sarafu isingempinga.

Mjomba aliuliza kitu kimoja tu: hiyo ya Warumi, inauzwa?

Nikasema watu huuza.

Alisimama. Akavua kofia, akawageukia watoto wa nyumba yao. "Mzee wetu aliitoa Misri kwa jasho lake," akasema. "Aliibeba vitani. Si ya msichana mmoja. Ni mali ya boma."

Wakaitikia. Mmoja alikumbuka hata kwamba babu aliificha ndani ya kiatu walipokuwa wakirudi kwa meli.

Mama hakunyanyua macho. "Fundi," akasema, "umesikia kwa kinywa chake. Andika."

Fundi akaandika. ALIKUWA ASKARI. ALIFIKA MISRI. Mjomba alimshikia ubao wa kunyooshea mistari usiteleze, akamsahihishia hata nafasi kati ya maneno, huku akiniambia chini chini nimuulize yule mzee wangu bei, na kwamba ule mkwaruzo tunaweza kuufunika kwa rangi ya viatu. Pumzi yake ilinuka maziwa ya jana. Mama alikuwa akilia kwa furaha, na mimi nilikuwa nimesimama kati yao, nikitafuta maji ya kunawa.