Sukuma ya Supamaketi

Harufu ya sukuma wiki inayokatwa, ile ya kijani yenye ukali kidogo puani, hunirudisha mtaani kwetu Kawangware 56, Nairobi, popote nilipo. Cheka tu. Pengine wewe hukulelewa chini ya meza ya kibanda, vipande vyembamba kama nyuzi vikikudondokea nyweleni.

Kibanda cha Mama kilikuwa katika safu ya vibanda vya kina mama mboga, kando ya njia itokayo kwenye ploti zetu za nyumba za kupanga. Mkabala nacho waliinua jengo la maduka, vioo juu hadi chini, na vumbi la saruji likatua juu ya nyanya zetu mpaka tukazoea kuzipangusa kila asubuhi. Watu waliliita maendeleo. Nilipouliza ni maendeleo ya nani, niliambiwa ninyamaze nibambue maganda ya minji.

Wiki ya ufunguzi, meneja wa jengo alikuja na sauti yake ya upole. Vibanda vyote viondoke kufikia Ijumaa. "Ndani kutakuwa na kila kitu, mama. Hata mboga." Hatukuwa na riziki nyingine.

Siku ya kufungua kulikuwa na baluni na muziki wa kutikisa mabati. Wateja wetu walitupita kama hawatujui, wakaenda kupanda ngazi za umeme hadi supamaketi ya ndani. Jioni walitoka na sukuma iliyofungwa kwa utepe, majani mazima, mapana kama masikio ya ndovu. Hapo ndipo kosa lilipojitokeza. Kwetu hakuna anayenunua sukuma nzima. Mama mboga hukukatia hapo hapo ukimsimulia siku yako, ukifika nyumbani unabandika sufuria tu.

Jirani yetu Mama Brayo, aliyeshinda akifulia watu nguo, ndiye aliyetufikia wa kwanza.

"Mama Mutheu, nikatie basi. Nitakulipa ya kukata."

"Ya kukata?" Mama alicheka. "Mimi nakata sukuma yangu. Hiyo rudishia yule kijana wa tai aliyekuuzia huko ndani, akukatie."

"Wacha madharau! Mikono inaniuma."

"Pole, mrembo. Kijana wa tai anakungoja."

Wakaja wengine, wote tayari kulipa, na wote akawajibu vivyo hivyo. Nilimkasirikia sana. Tunafukuzwa, naye anakataa pesa?

Basi wakarudi ndani kweli, nami nikawafuata. Kijana wa tai alizungukwa. "Mbona hamkati?" Maskini, akatafuta kisu cha mkate, akakata huku jasho likimtoka. Mama Brayo akainua juu kipande kimoja, kipana kama kiganja, duka zima likione.

"Hii ni ya watu ama ya ng'ombe?"

Kicheko kilichozuka hapo! Hata mlinzi aligeukia ukuta, mabega yakimtetemeka.

Sukuma ikanyaukia kwenye rafu, na wateja wakarudi kwetu mmoja mmoja, wengine wakijifanya hawakuwahi kwenda kokote. Meneja akaja tena, safari hii akimwomba Mama aingie ndani, avae aproni, awakatie wateja wao.

"Siingii," Mama alisema, kisu hakikupumzika. "Nikae hapa, na hawa wenzangu wakae."

Meneja aliwatazama wanawake waliopanga foleni, mifuko ya jengo lake mikononi mwao, wakimngoja amalize kuongea wahudumiwe. Akageuka, akarudi kwenye jengo lake.

Ijumaa mafundi walifika na masepetu, nikaanza kulia. Kumbe walikuja kumwaga zege chini ya vibanda vyote, ili wateja wa jengo wasiingie ndani na matope! Tulishangilia hadi sauti zikakauka. Vibanda viko pale mpaka leo.

Kwa miaka mingi nilidhani Mama aliongozwa na kiburi tu, kisha akabahatika. Chuo kikuu, nikibishana na kila mhadhiri aliyetaja maendeleo, ndipo nilipoielewa jioni ile. Angewakatia ile sukuma ya supamaketi, wangepata vyote viwili, jengo na kisu chake, na Ijumaa kibanda kingeondolewa bila mtu kumuulizia. Yeye mwenyewe hukana kwamba alipanga. Simwamini. Aliwafanya wamkose akiwa bado amesimama mbele yao.