Taa Nyekundu ya Walerian

Filamu ya kigeni ikiletwa katika mji wetu wa Sanok kwa ajili ya wanafunzi, haina maandishi chini ya picha. Kuna mtu anakaa nyuma ya kioo, juu ya viti vya mwisho, mbele ya kipaza sauti, naye huwasemea wote: msichana, mama yake, polisi, mpenzi, bibi anayekufa. Sauti moja kwa wote. Kwa miaka thelathini na moja mtu huyo alikuwa Walerian Pudło, mnene, mpole, mwenye sweta ya kijivu iliyochakaa viwiko. Mimi nilimtafsiria karatasi alizosoma.

Kazi hiyo ina sharti moja: usiigize. Msichana akilia, msomaji halii. Husema "nakuchukia, toka" kana kwamba anataja bei ya viazi. Watoto huangua kicheko mwanzoni, maana ni mzee wa miaka hamsini na tisa anayetamka kwa sauti nzito, "Mama, sijawahi kubusiwa." Lakini baada ya dakika kumi hawamsikii tena. Ukiwauliza baadaye wataapa kwamba walimsikia msichana mwenyewe.

"Mimi ni kioo cha dirisha, bwana," aliniambia. "Ukikiona, ujue kimechafuka."

Nusu ya kazi yake ilikuwa filamu za vijana wanaopevuka, kwa kuwa shule hupenda kuwaleta watoto wajitazame. Bi Genowefa, mtunza makoti pale mlangoni, aliwacheka walimu kwa hilo. "Mtoto wa miaka kumi na tano anataka kuona watu wakirushiana risasi," alisema. "Anayetaka kumwona mtoto wa miaka kumi na tano ni yule ambaye umri huo umeshamkimbia. Watoto wanapiga miluzi busu likifika, walimu wanalia, mimi nalinda makoti."

Walerian alikuwa na binti mmoja, Otylia. Mama yake alikwenda Ujerumani kutunza wazee akabaki hukohuko, mtoto akiwa na miaka minne. Kwa hiyo Otylia alikulia kwenye ngazi nyembamba za kupandia chumba cha msomaji. Hapo alichora, hapo alijifunza kusoma, hapo alikula mkate wake. Juu ya mlango kulikuwa na taa nyekundu: ikiwaka, baba anasoma na mlango haufunguliwi, hata nyumba iungue. Ikizimika, baba ni wako. Sasa alikuwa na miaka kumi na saba na hakuzikalia tena ngazi hizo.

Jumapili moja ya Novemba Walerian aliniita jikoni kwake. Alikuwa anakunywa uji wa mbegu za kitani, dawa ya koo ya wasomaji wote. Sauti yake ilikuwa inakwaruza tangu kiangazi.

"Alhamisi wananitoa zoloto," alisema, akijigusa kile kifundo cha koo kwa kijiko. "Uvimbe umeshakula upande mmoja. Nitapumulia tundu hapa. Kusema ndiyo basi. Na daktari anasema hata hii iliyobaki inaweza kukatika saa yoyote."

"Otylia anasemaje?"

"Hajui."

"Walerian!"

"Kesho ana mtihani wa hisabati. Nitamwambia Jumanne."

Jumanne jioni nilimpelekea karatasi za filamu ya kesho yake, kazi yake ya mwisho. Ilikuwa ya Kireno, ya msichana wa mji wa samaki anayetaka kutoroka kwao. Asubuhi angeisomea shule tatu, na saa nane na dakika ishirini angepanda basi kwenda hospitali. Binti aliambiwa kwamba baba anakwenda kwa shangazi.

Otylia aliingia na mkoba begani.

"Shikamoo, bwana mtafsiri. We baba, bado unasikika kama friji letu?"

"Otylia."

"Abee."

Walerian alifungua mdomo. Nilimwona akitafuta, kama mtu anayepapasa funguo mfukoni.

"Umekula?"

"Umeniuliza mara tatu leo! Nimekula, nimekula, nimekula. Na cha kesho kutwa nimeshakula." Akacheka, akaingia chumbani kwake, akafunga mlango.

Walerian alibaki akiutazama mlango ule. "Nimewasemea baba wa dunia nzima," alisema. "Baba wa nyumba hii tu ndiye sina karatasi yake. Niandikie."

Nilikataa. Nilimwambia maneno hayo lazima yawe yake. Mpaka leo sijui kama nilitenda haki.

Jumatano saa nne asubuhi ukumbi ulijaa. Darasa la Otylia lilikuwa safu ya tano, yeye akiwa pembeni kabisa. Nilikaa safu ya mwisho, chini ya kioo. Watoto waliicheka sauti, wakapiga miluzi kwenye busu, kisha wakatulia. Nilimsikia Walerian akimeza kitu kila palipokuwa na nafasi.

Baada ya saa moja hivi ilifika sehemu ya mezani. Baba anaparua samaki, binti amekaa mbele yake, na kwa dakika tatu hakuna anayesema lolote. Kwenye karatasi niliandika neno moja tu: kimya.

"Otylia," ilisema sauti.

Nilishika mkono wa kiti.

"Otylia, kesho asubuhi wananikata koo. Wanasema huenda nikapona. Lakini sauti ndiyo inaishia hapa. Tangu Ijumaa ya wiki juzi najaribu kukuambia, najikuta nakuuliza kama umekula. Siyo hilo nililotaka kusema."

Aliyasoma vilevile, bei ya viazi. Hakuna kichwa kilichogeuka.

"Kwani huyu anaitwa Otylia?" mvulana mmoja wa shule nyingine alinong'ona.

"Labda jina la ubatizo. Nyamaza."

Mwalimu aliyekaa karibu nami alikuwa anajifuta macho. "Maneno mazito hivi," aliniambia, "na yule baba wala mdomo hafungui!"

Kwenye pazia la sinema, msichana aliinuka akatoka. Kwenye safu ya tano, Otylia naye aliinuka. Alipita katikati ya viti, hakutazama juu, na mlango wa ukumbi ukajifunga nyuma yake.

Niligeuka. Nyuma ya kioo Walerian alikuwa amekikodolea macho kiti kitupu. Nilimpungia mkono: mfuate! Akatikisa kichwa, akanionyesha ukumbi kwa kidole. Watoto mia mbili. Kisha akainamia karatasi, maana rafiki wa yule msichana alikuwa ameshaanza kusema.

"Una sigara?" alisoma Walerian.

Akaendelea kusoma. Alisoma utani wa mabaharia, ugomvi wa sokoni, wimbo wa mpira. Nusu saa nzima, na kila ukurasa sauti ilizidi kuchanika, hadi ikawa kama mtu anakunja magazeti. Neno la mwisho la filamu, "nimefika," lilisikika nusu. Sidhani kama watoto waliona tofauti. Walikuwa wameshaanza kuvaa skafu.

Nilikimbilia ngazi. Otylia alikuwa ameketi ngazi ya juu kabisa, mgongo umeegemea mlango wa chumba. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka juu ya kichwa chake.

"Umekaa hapa muda wote?" niliuliza.

"Taa inawaka," alijibu, kama vile nimemuuliza swali la kijinga.

Taa ikazimika. Alisimama, mlango ukafunguka, na Walerian alipomwona akashika fremu kwa mikono miwili.

"Haya sema," Otylia alisema. "Siyo chakula. Ni nini, sasa?"

Walerian akafungua mdomo. Ukatoka upepo.

"Baba, usinifanyie hivi. Umewasomea hao wote na sigara zao. Neno moja tu."

Walerian alijaribu tena. Midomo ilicheza, mishipa ya shingo ikamsimama, na hapakuwa na kitu. Kutoka chini Bi Genowefa alikuwa anafoka, "Namba sabini na tatu! Nani kaacha koti lake?" Lilikuwa la Otylia. Hakugeuka. Alimshika baba yake mabega, akabandika sikio mdomoni pake, akafumba macho.

"Tena," alisema.

Akangoja.

"Tena, baba. Polepole. Tena."