Mchango wa Ngamia Wangu Umegeuka Tairi za Mashindano

Admin, nifiche jina na usiweke picha yoyote, maana Garissa ni ndogo na hapa najulikana hata nikiwa nimefunika uso. Nina miaka thelathini na minne, nimeolewa, nina watoto watatu na duka la vitambaa mjini. Mume wangu ana miaka arobaini na mmoja, ni mtu wa ofisini, ana kitambi, na tangu mwaka juzi anajiita dereva wa mashindano. Msicheke bado.

Ilianza kwa kutazama mbio za magari kwenye simu. Kisha akauza kiwanja na ng'ombe wake wote, akaenda Nairobi kununua gari la mashindano kwa tajiri mmoja aliyekuwa amelichoka. Hakwenda na fundi. Alikwenda na adeer yake, yaani ndugu ya baba yake, ambaye ni dalali wa mifugo sokoni kwetu. Mzee alilizunguka lile gari, akalipiga kofi ubavuni, akauliza lina umri gani na limepitia mikono ya nani, halafu akamshika muuzaji mkono chini ya shuka wakapatana bei kwa vidole, kama tunavyofanya kwa ngamia. Walirudi wakijisifu kwamba wameikata bei hadi tajiri akakaribia kulia. Hakuna aliyeuliza gari lile linakula nini. Kwao, mnyama ukishamnunua, kilichobaki ni kumwachilia malishoni.

Basi likaanza kula. Seti moja ya tairi inaisha kwa mashindano mawili. Mafuta yake hayauzwi hapa, yanaletwa kwa pipa. Kwenda Nairobi kwenye mashindano halitembei lenyewe, eti litachakaa, kwa hiyo gari lenye mbio kuliko yote mjini husafiri juu ya lori kama mgonjwa. Fundi anatoka huko huko Nairobi, na lazima alale hoteli. Injini inafunguliwa ikiwa nzima, kwa sababu wakingoja iharibike gharama ni mara tatu. Mikanda na helmeti zina tarehe ya kuisha, kama maziwa ya pakiti. Kuna leseni, kuna ada ya kushiriki, na kuna nguo isiyoshika moto ambayo zipu yake haifungi kwa sababu ya kile kitambi. Ameshindana mara nne. Mara mbili gari lilimfia njiani, mara moja kona ilimshinda akaingia shambani kwa watu, na mara moja alimaliza wa mwisho akapewa cheti cha kushiriki. Aliiondoa picha ya Kaaba ukutani sebuleni ili cheti kipate nafasi.

Pesa zilipomkaukia akakumbuka ngamia wangu. Hao ni mahari yangu. Nilipewa majike sita, sasa wako kumi na mmoja, kaka yangu anawachunga upande wa Hulugho na maziwa yao yanamlisha mama yangu. Kwa dini na kwa mila ni mali yangu peke yangu. Lakini mume wangu akawa anampigia kaka simu kila siku, na mimi ananibembeleza niwauze, kwamba giaboksi mpya ikiingia tu atashinda, kisha atanirudishia ngamia ishirini.

Hapo ndipo nilipokosea. Badala ya kumkatalia usoni, nilidanganya. Kiangazi kilikuwa kikali, kila mtu anapoteza mifugo, nikamwambia kaka awahamishe ngamia mbali, nami nikamwambia mume wangu kwamba wamekufa wote. Alisikitika sana. Nilijua anasikitikia giaboksi, na moyoni nilimcheka.

Nilisahau watu wetu. Mtu akiishiwa mifugo, ukoo hukusanya qaaraan, mchango wa kumwinua tena. Ijumaa ile mume wangu alisimama mbele ya wazee baada ya swala, akaeleza msiba wangu huku machozi yanamtoka. Na watu wakatoa, katika ukame ule ule uliowamaliza wao. Ndugu walioko Bute walituma, hata walioko Banissa, mbali kaskazini, walituma. Eedo yake, shangazi mjane aliyebakiwa na mbuzi watatu, aliuza mmoja, kisha akaja dukani kwangu kwa miguu kunipa pole. Alinishika mkono akasema, "Abaayo, dada yangu, nimetuma ile kidogo nilipata. Watoto yako wasilale njaa, na mama yako asikose maziwa." Nikaitikia amin. Wallahi niliitikia.

Mchango wote ulipokelewa na mume wangu kwa niaba yangu. Wiki iliyofuata giaboksi ikashushwa mlangoni ndani ya sanduku la mbao, pamoja na tairi mpya. Nilipomuuliza kwa nini hakuninunulia hata jike mmoja, alinijibu bila haya, "Nikinunua ngamia itakufa tena. Gari haijui ukame." Miaka miwili nimemdharau mtu huyu na nilifurahia kumdharau. Sasa hata kumdharau siwezi, kwa sababu yeye anakula pesa za maskini, lakini njaa waliyoionea huruma niliitunga mimi.

Jumamosi wazee wanakuja nyumbani kwetu na mchango wa pili. Nikisema ngamia wako hai, mimi na kaka yangu tutaitwa wezi na ukoo mzima, na mume wangu atapata njia ya kuwafikia wale kumi na mmoja. Nikinyamaza, jasho la watu litaviringika barabarani hadi liishe. Msiniambie nimwombee dua, nimeshachoka kumwombea. Nipeni shauri la kufanya kabla ya Jumamosi, ndugu zangu, maana leo asubuhi eedo amenipigia simu kuniambia nisijali, amemuuza mbuzi wa pili.