Kilichokuwa Ndani ya Tandiko la Bibi

Nashona matandiko ya viraka. Vipande navipata kwa mafundi cherehani wa mjini Dodoma, ambao jioni huvifagia pamoja na vumbi; mimi naviokota, navifua, navipanga kwa rangi. Mpangilio sibuni mwenyewe. Nauiba kwa marehemu. Nabisha hodi kwenye nyumba za watu, Kondoa, Manyoni, Singida, naomba kuonyeshwa tandiko alilolishona zamani mama au bibi wa pale. Wengine hudhani nimetumwa na serikali kuhesabu watu. Wakishanielewa hucheka, halafu hulitoa kwenye gunia au chini ya godoro, likinuka moshi, nami nalipiga picha kwa simu. Nimezunguka hivyo miaka mingi. Nikikaa wiki tatu kwenye chumba kimoja, kuta zinaanza kunisogelea.

Tandiko nililolitaka kuliko yote sikuwahi kulipiga picha, maana niliamini nalijua. Lilikuwa la bibi mzaa mama, aliyenilea Gulwe. Katikati lina kaniki nyeusi, na kuizunguka kuna vipande vya kanga vilivyopangwa kama ngazi, kila ngazi imefifia kwa namna yake. Lilikuwa zito. Baridi ya Juni ilipoingia lilinikandamiza kitandani nikajiona nimeshikwa, nami nilihitaji kushikwa. Mama yangu aliniacha nikiwa na miaka minne, akaenda kuolewa Tabora na mwanamume asiyetaka mtoto wa mwenzake. Bibi hakumsema vibaya hata siku moja. Nilipouliza kama mama ametuma chochote, alijibu kwa upole, "Bado hajajaliwa." Nikampenda bibi fungu lake na fungu la mama.

Mama nilikuja kuonana naye nikiwa mtu mzima, amefiwa na mume, amehamia Zuzu. Nilimwamkia, nikanywa chai yake, nikaondoka. Kila nilipopita huko baadaye ilikuwa hivyo hivyo: shikamoo, chai, kwaheri. Aliuliza habari za safari, sikumuuliza kitu. Niliona hana la kunijibu.

Mwaka jana nikaenda Gulwe kunakili ule mpangilio wa ngazi. Bibi ameshafariki, na nyumba ameachiwa mama mdogo, mdogo wake mama.

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Umekuja kunisalimia mimi au kuyasalimia matambara?"

"Vyote viwili."

"Muongo! Mikono mitupu hivyo, hata sukari huna." Akanikumbatia akicheka.

Alilileta tandiko mwenyewe, akalitandika uani juu ya mkeka. Nilipiga picha, nikapima ngazi kwa futi ya fundi. Nikamwambia nataka kufumua kona moja nione bibi alijaza nini ndani, maana pamba hakuwa nayo na uzito ule ulikuwa unanisumbua kichwa. Matandiko yangu ni mepesi, yanateleza kitandani.

"Tazama juu," alisema. "Juu kunatosha."

"Kona tu, mama mdogo. Nitaishona."

"Wewe utafumua mpaka ukuta." Safari hii hakucheka. Lakini mahindi yake yalikuwa yanamsubiri mashineni, akajitwika ndoo akaenda.

Nikatoa wembe, nikakata nyuzi za kona. Ndani kulikuwa na shuka kuukuu, kama nilivyotegemea. Chini ya shuka kulikuwa na kitambaa cha njano ambacho hakikufifia hata kidogo. Nikakivuta. Kilikuwa gauni la mtoto, limefumuliwa ubavuni likalazwa bapa. Nikaendelea kufumua. Likaja la bluu, kubwa kidogo. Likaja jekundu lenye kola, kubwa zaidi. Kazi hii naifanya kila siku, sikuhitaji kuambiwa: miaka mitano, miaka saba, miaka tisa. Kila moja lilikuwa na upindo mpana wa vidole vinne, ule anaouacha fundi anayejua mtoto atarefuka na hajui lini atamshonea tena. Nguo ikiwa fupi, upindo unafumuliwa na kushushwa. Hakuna uliokuwa umeshushwa. Kwapani hapakuwa na alama ya jasho.

Mama mdogo aliporudi alinikuta nimeyapanga juu ya mkeka. Akatua ndoo ya unga taratibu.

"Mama aliyashona?" niliuliza.

"Aliyashona. Aliyatuma kwa treni."

"Na bibi akayaficha."

"Aliogopa utamfuata. Mtoto akivaa gauni la mama yake, kesho anauliza stesheni iko wapi."

"Na wewe ulijua."

"Mimi ndiye niliyekuwa nayapokea pale stesheni. Nilikuwa msichana. Ningemwambia nini mama yangu?"

"Bibi hayupo miaka tisa sasa. Miaka yote hiyo ulikuwa unamwogopa nani?"

Alipangusa unga mikononi, akaendelea kupangusa hata ulipokwisha.

Sikulala kwake. Tandiko nililiacha limefumuka pale pale. Ile kona niliyoahidi kuishona sikuishona, na sijutii.

Zuzu nilifika kesho yake. Mama alikuwa barazani anashona sare za shule, miwani imeshuka puani. Nilimwamkia. Kabla hajasema habari za chai, nikayaweka yale magauni matatu juu ya meza ya cherehani.

Hakushangaa kama nilivyofikiri. Alifanya ambacho ningefanya mimi: aligeuza upindo kwanza. Wa lile la njano, wa la bluu, wa lile jekundu.

"Hukushushiwa hata moja," alisema. Akavua miwani. "Kumbe hukuyapenda."

Nilimwona anavyolimeza jambo hilo, anavyolipatanisha na miaka yote ya shikamoo na kwaheri zangu. Ningenyamaza, jina la bibi lingebaki safi.

"Sikuyaona, mama. Nimeyatoa jana ndani ya tandiko. Bibi alinieleza kwamba hukutuma kitu."

Mguu wake ulikuwa bado kwenye pedeli. Ukaikanyaga kidogo, sindano ikapanda na kushuka bila nguo, ikasimama.

"Mama yangu," alisema. "Mama yangu alinitumia salamu kwamba la njano umelivaa mpaka likachanika mgongoni. Ndiyo nikashona la bluu."

Akalichukua la njano, akalikunjua magotini, akaanza kutafuta mgongoni pale lilipochanika.