Kiti cha Mbali na Mama Mkwe

Kwetu Kondoa mwanamume na mama mkwe wake hawakai pamoja, hawali pamoja, wala hawatazamani usoni. Kwa hiyo mama mkwe alipokuja kututembelea hapa Miyuji, na mke wangu akaamua tumpeleke kwenye onyesho la vichekesho, kazi ya kununua tiketi mtandaoni niliichukua mwenyewe. Sikumwamini mtu mwingine.

Simu ilionyesha mstari wa mbele umepinda kama mwezi mchanga. Nikadhani ni mapambo tu. Watu wa mitandao hawawezi kuacha kitu kinyooke. Nikajichagulia kiti cha mwisho kushoto, mama na binti yake nikawapa vya mwisho kulia. Katikati yetu ungeweza kuchunga ng'ombe. Nikalipa, nikajisifu.

Ukumbini tukakuta viti vimepangwa vilevile, vimelizunguka jukwaa. Ncha ya kushoto na ncha ya kulia zinatazamana. Kila nilipoinua macho nilimkuta mama mkwe mbele yangu, amejitanda kanga hadi kwenye nyusi, anakagua viatu vyake. Nami nikakagua vyangu. Ukumbi mzima unavunjika mbavu, sisi wawili tumenuna kama tuko msibani. Kicheko kilinitoka mara moja tu, nikakimeza haraka.

Asubuhi mke wangu aliniletea ujumbe kutoka chumba cha wageni.

"Mama anasema una heshima sana. Ila uende hospitali, lile jino la nyuma limeoza."